Deni lisilobishaniwa: Kobero ni mpaka wa sheria pia

Lori linapovuka Kobero kuelekea Kabanga upande wa Tanzania, maofisa hukagua mzigo na ushuru. Hakuna anayekagua kama deni la mzigo huo litadaiwa kwa sheria ya nchi gani.

Chukua mfano wa msafirishaji wa Gitega. Mzigo umefika Tanzania, hati ya kupokea imesainiwa, malipo hayajatoka. Mdaiwa hakatai deni, anasema tu "njoo kesho". Je, lazima kesi isikilizwe shahidi mmoja mmoja?

Tanzania, Kenya na Uganda, zilizorithi sheria za Kiingereza, zina hukumu ya muhtasari. Mahakama ikiona mdaiwa hana utetezi wa maana, huamua kwa kutazama nyaraka, bila ushahidi kamili. Tanzania huitumia chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambapo mdaiwa huomba kwanza kibali cha kujitetea. Lakini mlango huo ni mwembamba: unahusu madai kama ya hundi na hati za ahadi ya kulipa. Ankara peke yake haitoshi. Uganda na Kenya, kila moja kwa Amri yake ya 36, ni pana zaidi. Huko deni la kiasi kinachojulikana, kama bei ya bidhaa zilizopokelewa, huweza kuingia.

Burundi, ingawa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, ina mapokeo ya Kibelgiji. Kanuni zake za kesi za madai za 2004 zinamruhusu jaji wa dharura kutoa amri ya muda bila kugusa kiini cha kesi. Hiyo si hukumu ya muhtasari. Msafirishaji anayeomba hatua ya dharura Gitega asidhani deni lake limekwisha kuamuliwa.

Upande wa Kongo mambo ni tofauti tena. Nchi hiyo ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na kanuni zake zina amri ya kulipa, ambayo mdai huiomba kwa nyaraka na mdaiwa akipinga ndipo kesi husikilizwa.

Kushinda nako si mwisho. Hukumu ya nchi moja haikamati mali nchi nyingine yenyewe. Huombewa kwanza idhini ya mahakama ya huko, na hapo muda uliookolewa unaweza kupotea.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla lori halijaondoka. Mkataba utaje kiasi, tarehe ya kulipa na mahakama ya nchi itakayosikiliza mgogoro, na ichaguliwe kwa kuangalia mali ya mdaiwa iko wapi. Anayekopesha upande wa Tanzania adai hundi au hati ya ahadi, si ankara tu.

Naye mdaiwa asilale. Kama mzigo ulifika pungufu au umelowa, aandike siku ileile kwenye hati ya kupokea. Mbele ya hukumu ya muhtasari, lalamiko lililobaki mdomoni halimsaidii.