Etiketi iandikwe mara moja, tena shimoni

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama munaongojea nyumbani, leo tuongee juu ya kile kipande kinachofungwa kwenye mfuko wa koltani: etiketi.

Munajua namna ilikuja. Mwaka 2010 Marekani ilitoa sheria kwamba kampuni kubwa ziseme kama vitu vyao vina madini ya vita. Mwezi wa tisa mwaka uleule, Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Njaa ile hatujaisahau. Tangu hapo, mfuko bila etiketi ni mfuko wa mashaka.

Sasa angalieni safari ya maandishi. Kwenye kariyeri, ajenti wa serikali anapima, anafunga etiketi, anaandika kwa mkono ndani ya daftari: namba, kilo, tarehe, mahali. Kwa mnunuzi wa kati, mzigo unapimwa tena, etiketi ya pili, daftari ingine. Mbele ya kutoka nje ya nchi, makaratasi mengine tena mpaka cheti cha CEEC. Kalamu ikiteleza mara moja tu, 47 inakuwa 41, mzigo unasimama. Na nani analipa? Mnunuzi anakata bei, na bei inakatwa mpaka inamufikia yule mwenye kushika sururu.

Vijana wanaotengeneza programu za kompyuta wanaijua shida hii. Kila furushi la programu linabeba maelezo yake: jina, namba ya toleo, mwenyewe, leseni. Yakiandikwa kwa mkono kwenye faili tatu nne, yanapingana. Kwa hiyo wengi wanaandika mahali pamoja tu, mashine inanakili kwingine kote, na ikiona tofauti inakataa furushi lisitoke. Mbona mfuko wetu usipate akili hiyo? Simu isome namba, mizani itume kilo, daftari zote zipate kitu kimoja.

Lakini tusidanganyane: mashine haimalizi wizi. Mwaka 2022 shirika Global Witness lilitoa ripoti kwamba etiketi za mpango wa ITSCI zilifungwa kwenye madini ya kutoka kwingine. ITSCI ilikataa. Siye tunasema hivi: uongo ukiingia mara ya kwanza, mashine itaunakili vizuri sana, bila kosa hata moja, na utafanana na ukweli.

Ndiyo maana tunaomba mambo matatu. Kwanza, kupima na kuandika kufanyike kwenye kariyeri, mjumbe wa wachimbaji akiwa anaona. Pili, mchimbaji abaki na karatasi yenye namba na kilo zake. Tatu, asiruhusiwe mtu kufuta kilo za kwanza. Koltani ikioshwa na kukaushwa inapungua, hiyo ni halali; lakini upungufu uandikwe pembeni, na jina la aliyeuandika na tarehe, mbele ya kugusa bei.

Mashine inaweza kukawia. Karatasi ya mchimbaji haihitaji mtandao wala umeme: kila kooperativi inunue daftari lenye kaboni, ianze juma hili.