Istilahi Huzaliwa Karakanani

Ipo kasumba iliyokita mizizi hata miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili kwamba lugha hii hufaa kuelezea yale tu yaliyomo katika mazingira yake. Panapotajwa kitu cha ugenini, aghalabu msemaji hukimbilia Kiingereza, kisha hujitetea kwa kudai kuwa istilahi hazipo. Dai hili halina mashiko. Ili kulipima, na uchukuliwe mfano ulio mbali kabisa na upwa wa Afrika Mashariki: ubao wa theluji unaoundwa kwa mikono katika karakana ndogo.

Ubao huu ni chombo ambacho mtu husimama juu yake kwa miguu yote miwili, ubavu ukielekea mbele, akateleza kwenye mteremko wa theluji. Historia yake si ndefu. Mnamo mwaka wa 1965, Sherman Poppen wa mji wa Muskegon, jimbo la Michigan nchini Marekani, aliunganisha skii mbili ili binti zake wapate cha kuchezea. Mwaka wa 1977, Jake Burton Carpenter alianza kuunda mbao za namna hiyo katika jimbo la Vermont. Kufikia 1998, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Siku hizi mbao nyingi hutoka viwandani, lakini wangalipo mafundi wanaomuundia mteja mmoja ubao mmoja, kwa kuzingatia kimo chake, uzito wake na namna anavyoteleza.

Kazi yenyewe huanza na kiini. Fundi huchukua vipande vyembamba vya mbao au mwanzi, akavipanga ubavu kwa ubavu, akavitia gundi na kuvibana kwa jiliwa hadi vishikane. Kisha hukipiga randa kiini hicho kiwe kinene katikati na chembamba kuelekea ncha zote mbili. Hapa ndipo ustadi unapopimwa: kikipunguzwa kupita kiasi, ubao utalegea, kikiachwa kinene mno, utakuwa mgumu na kumshinda mteja mwepesi. Baada ya hapo hupangwa matabaka. Chini kabisa huwa plastiki ngumu ya kutelezea, iliyozungushiwa ukingo wa feleji. Juu yake hutandazwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha kiini, kisha kitambaa kingine, na mwisho utando wenye nakshi. Vyote huwekwa katika kalibu na kushinikizwa mpaka gundi igande. Ubao ukitoka, fundi huondoa masalio kwa msumeno, akanoa kingo kwa tupa, akapiga msasa mbavuni na kupaka nta upande wa chini.

Jiliwa, randa, kalibu, feleji, tupa, msasa: maneno haya hayakubuniwa kwa ajili ya theluji. Ni ya maseremala na wahunzi waliomo katika jamii ya Waswahili tangu jadi. Hata ncha za ubao zaweza kuitwa omo na tezi, kama waundaji wa majahazi wanavyoita sehemu ya mbele na ya nyuma ya chombo. Na pale katikati paliponywea, kiuno. Yaliyokopwa, kama vile skii na epoksi, ni machache, nayo yametii sarufi bila ya ukaidi.

Wapo watakaouliza: Mkenya na theluji wapi na wapi? Jibu li katika Nagano hiyo hiyo. Huko ndiko Philip Boit alikokuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mtangazaji wa Kiswahili aliyetaka kumsimulia hakuweza kusema kwamba jambo lile halikuihusu lugha yake.

Wengine watasema kwamba kuunda istilahi ni kazi ya mabaraza na taasisi. Waama, vyombo hivyo vina wajibu wa kusanifisha. Hata hivyo, istilahi iliyobuniwa ofisini bila ya kumsikiliza mtumiaji ni sawa na ubao uliochongwa bila ya kumpima mteja: yaweza kupendeza orodhani, lakini haitatumika. Fundi humpima mteja kwanza, ndipo akashika randa.

Hatari iliyopo ni kwamba hazina hii inapungua. Si wanafunzi wengi wa Kiswahili vyuoni wanaojua jiliwa ni nini, ilhali wanaweza kujadili nadharia za uundaji wa istilahi kwa saa nzima. Na iwapo fundi wa jua kali kule Kamukunji husema "vaisi" badala ya jiliwa, hilo nalo ni jambo la kuandikwa na kuchunguzwa wala si la kubezwa, kwa kuwa neno lile li hai kinywani mwake.

Kwa hivyo, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kupeleka wanachama wao Kamukunji kwa wahunzi na Matondoni, Lamu, kwa waundaji wa mashua, wakaulize na kuandika jina la kila kifaa na kila hatua ya kazi. Kalamu, daftari na adabu ya kumsikiliza fundi vyatosha kuianza kazi hiyo. Wazee wenye maneno hayo hawatamsubiri mtafiti milele.