MTIHANI WA LESENI YA SALUNI NI AMANA, DADA YANGU



Dada zangu mlioko Marekani mnaosomea kazi ya saluni, leo nazungumza nanyi. Na nyinyi waume zao, msipite.

Texas inadai saa 1,000 za mafunzo kabla ya leseni, kisha mtihani wa maandishi. Najua mnasoma usiku, watoto wameshalala, mmetoka zamu, na kitabu ni cha Kiingereza. Hapo ndipo shetani huleta njia ya mkato: kununua maswali yaliyovuja, au kuandikiwa saa ambazo hukukaa darasani. Na hoja anakupa: "Mimi nimesuka tangu utotoni, hii ni karatasi tu."

Kama riziki yako ni kusuka tu, Texas iliondoa leseni ya kusuka mwaka 2015. Suka kwa halali yako. Lakini ukitaka kuweka watu dawa na rangi, mtihani huo unalinda miili yao. Dawa ya nywele yenye haidroksidi ya sodiamu ni kali mno. Ikipitiliza muda inaunguza ngozi ya kichwa. Rangi hujaribiwa kwanza kwenye ngozi, saa 24 hadi 48 kabla. Kitana huoshwa kwa sabuni, ndipo kilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Ukikariri A, B, C za wizi, atakayeungua ni mama wa watu aliyekuamini.

Mtume (S.A.W.) alifundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara. Kwa maoni yangu, anayeweka kemikali kichwani mwa mtu yuko karibu sana na hukumu hiyo. Na leseni ya udanganyifu ni ghushi, sawa na yule muuzaji aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu.

Wengine mnaniuliza: "Ustadhi, mtihani unauliza habari za kutoa nyusi, nijibuje?" Jibu kama ulivyofundishwa. Kujua jambo si kulitenda. Leseni ni ruhusa, si amri; ukiipata, chagua kazi zilizo halali kwako.

Basi jipange. Kurasa chache kila siku baada ya Alfajiri. Maneno magumu yaandike kwenye daftari, maana yake kwa Kiswahili pembeni. Mwenzako akuulize kwa sauti. Nawe mume, shika watoto saa moja tu jioni. Hiyo ni sadaka. Ukifeli, rudia. Kufeli kwa haki hakuna aibu mbele ya Allah. Aibu ni kufaulu kwa wizi, kisha kuwalisha wanao kwa leseni hiyo miaka yote.

Allah awafungulie fahamu zenu na azibariki riziki zenu. Aamiin.

Mfikishie dada anayejiandaa na mtihani. Wabillahi tawfiiq.