Umeme wa kupikia: waya wa nyumba yako utaubeba?

Kwa miaka mingi, umeme ukifika kijijini kazi yake ilikuwa taa, redio na kuchaji simu. Nyumba nyingi zilifungwa nyaya kwa hesabu hiyo. Sasa mambo yanabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Gesi imo, na umeme umo.

Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Lakini ada hiyo inakufikisha kwenye LUKU tu. Kutoka hapo kuingia ndani, waya ni wako na gharama ni yako. Hapo ndipo wengi hubana pesa, na ndipo hatari inapoanzia.

Hesabu ya mzigo

Tuchukue nyumba yenye jiko la nje, umbali wa mita 40 kutoka kwenye LUKU. Jikoni kuna jiko la presha la umeme la wati 1,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000. Vyote vikiwashwa pamoja ni wati 4,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 17.4.

Wengi watachagua waya wa shaba wa milimita mbili na nusu, ule wa soketi. Kwa majedwali ya viwango vya Uingereza, waya huo ukiwa ndani ya bomba ukutani hubeba ampea 24. Inaonekana inatosha. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali penye nyuzijoto 30. Waya ukipita juu ya dari, chini ya bati, joto likafika nyuzi 50, uwezo wake hushuka hadi ampea 17. Tayari mzigo umeuzidi.

Umbali nao unadai

Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya umeme njiani. Katika mfano wetu, zaidi ya volti 12 zinapotea kabla ya kufika jikoni. Viwango hivyo vinaruhusu asilimia 5 tu, yaani volti 11.5. Jiko linachelewa kuivisha maharage, na zaidi ya wati 200 zinaishia kupasha waya moto. Uniti hizo umezinunua wewe.

Ukiweka waya wa milimita 6, volti zinazopotea ni kama 5 tu, na hata kwenye joto la dari bado kuna nafasi ya kuongeza kifaa kingine.

Breka hufuata waya

Kosa kubwa zaidi hufanyika breka inapokatika mara kwa mara. Mtu anaitoa ya ampea 20 na kuweka ya 32, umeme unatulia, familia inafurahi. Kumbe mlinzi ameondolewa. Breka kazi yake ni kukata kabla waya haujaungua. Ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya, waya ndio utakaoungua kwanza, tena darini ambako hakuna anayeuona. Mpangilio sahihi ni huu: mzigo usizidi breka, na breka isizidi waya.

Kabla ya kumlipa fundi

Hakikisha ana leseni ya EWURA. Kisha muulize maswali manne. Umehesabu wati ngapi? Umbali ni mita ngapi? Waya utapita wapi, na pana joto kiasi gani? Waya wa ethi utafika hadi jikoni? Fundi anayejua kazi atajibu kwa namba.

Kama nyumba yako ilifungwa nyaya kwa ajili ya taa na simu, usinunue jiko la umeme kabla ya fundi kukagua waya. Jiko likiharibika utanunua jingine. Nyumba ikiungua, utaanza na tofali la kwanza.