Tuzo Hazijawahi Kuunda Bendi

Hapa Singida ubishi wa muziki una namna yake ya kwisha. Watu wamejaa kwenye benchi la kinyozi, huyu anamtetea wake, yule wake, sauti zinapanda, halafu mmoja anauliza, "Kwani ana tuzo ngapi?" Mjadala unafungwa hapo hapo. Mwenye tuzo nyingi kashinda. Aliyetaja bendi ya magitaa isiyowahi kukanyaga zulia jekundu anaonekana mshamba.

Mimi ni shabiki wa magitaa. Nimekuzwa na muziki wa dansi wa redioni, nikaja kuingia kwenye roki, na sikutoka tena. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba imani ya kuwa tuzo ndizo kipimo cha muziki ni ya uongo. Tena si uongo usio na madhara, kwa sababu unazinyima bendi zetu vijana, vifaa na majukwaa.

Wanaoamini katika tuzo hupenda kunionyesha Ulaya na Marekani, kana kwamba huko ndiko kunakopatikana haki. Basi tuanzie huko huko, na mtoto wa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Queen waliteuliwa kuwania Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, zaidi ya mara moja. Hawakushinda hata moja. Freddie alifariki mwaka 1991, na tuzo ya heshima ya maisha ilikuja mwaka 2018, zaidi ya robo karne baada ya maziko. Muda wote huo viwanja vya mpira vya dunia nzima vilikuwa vikiimba nyimbo zake.

Led Zeppelin walivunjika mwaka 1980 alipofariki mpiga drams wao, John Bonham. Grammy yao ya kwanza ya ushindani waliipata mwaka 2014, kwa rekodi ya onyesho walilofanya London mwaka 2007. Yaani miaka yote waliyokuwa bendi kweli, majaji hawakuwaona. Rolling Stones walianza mwaka 1962, na Grammy yao ya kwanza ya ushindani ilifika mwaka 1995. Jimi Hendrix, ambaye kila mpiga gitaa la umeme ana deni kwake, alikufa mwaka 1970 bila hata moja. Bob Marley naye alikufa mwaka 1981 bila Grammy, na kipengele cha rege kilikuja kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, mwenye rege yake akiwa kaburini.

Kisha tazama mwaka 1989. Waandaaji wa Grammy walianzisha kipengele cha roki ngumu na metali. Kila aliyefuatilia muziki huo alijua Metallica walikuwa moto mwaka ule. Tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi kongwe ambayo sifa yake kubwa ilikuwa filimbi, na wenyewe hawakuwepo hata ukumbini. Mambo kama hayo hutokea kwa sababu wanaopiga kura ni watu wa tasnia, nao humpigia wanayemjua, aliye karibu nao, aliyekuwa maarufu walipokuwa vijana. Mwaka uliofuata Metallica wakapewa ya kwao, lakini muziki wao haukuwa umegeuka mzuri kwa miezi kumi na miwili.

Sasa turudi nyumbani. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeipaisha Morogoro Jazz kisha akaunda Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995. Tuzo za muziki za taifa, zile tulizozizoea kwa jina la Kili, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Wote hao walikuwa wameshaondoka. Ukikubali kwamba tuzo ndicho kipimo, basi umekubali pia kwamba Mbaraka Mwinshehe hana kitu. Nani mwenye akili timamu na masikio mawili atasimama hadharani aseme hivyo?

Kuna ushahidi mwingine ambao watu wa tuzo hawapendi kuugusa. Tuzo za Kili zilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka 2015. Nchi ikakaa bila tuzo za muziki za taifa mpaka Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliporudisha nyingine mwaka 2022. Muziki haukusimama katika pengo hilo la miaka saba. Ndiyo miaka ambayo singeli, muziki wa uswahilini Dar es Salaam uliokuwa ukidharauliwa, ulitoka kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, ukapanda majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na vijana wale wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya nje. Hakuna jaji aliyewateua. Walikuwa na studio ndogo, na watu waliotaka kucheza.

Wapo watakaosema kwamba walau tuzo huhifadhi jina la bendi lisipotee. Je, wangapi mnaijua Sunburst? Ilikuwa bendi ya roki ya Kiafrika, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, yenye wanamuziki wa Tanzania na wengine kutoka nje, Wakongo wakiwemo. Mwaka 1973 ilishinda mashindano ya taifa ya bendi za roki. Ndiyo, Tanzania ilikuwa na mashindano hayo, na hii ndiyo iliyotwaa ubingwa. Mwaka 1976 ikatoa albamu ya Ave Africa, iliyorekodiwa Zambia, na baada ya hapo ikasambaratika. Kwa miaka karibu arobaini Watanzania walio wengi hawakujua kama iliwahi kuwepo. Jina lake liliibuka tena mwaka 2016, wakati lebo ya Strut ya Uingereza ilipokusanya rekodi zake na kuzitoa upya. Kilichoirudisha Sunburst ni kanda zilizotunzwa. Ule ubingwa wa 1973 haukuifaa kitu.

Kwa hiyo nini hasa huunda bendi? Jibu liko wazi kwenye historia yetu wenyewe, nashangaa tunalipita kila siku. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mlimani Park, Sikinde yenyewe, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, vijana wa chama walikuwa na bendi. Taasisi ilinunua magitaa, vikuza sauti na tarumbeta. Mwanamuziki alikuwa na mshahara mwisho wa mwezi na ukumbi wa kupiga kila wiki. Radio Tanzania ikawaita studio, ikawarekodi, ikawarusha nchi nzima, mpaka huku kwetu Manyoni, Iramba na Ikungi, kwenye nyumba zilizokuwa na redio moja kwa mtaa mzima. Vifaa, mshahara, jukwaa na redio ndivyo vilivyotupa dhahabu tunayojivunia mpaka leo.

Sikiliza kwa makini wimbo mmoja wa Sikinde wa miaka ya 1980, uone kazi inayofanyika mle. Gitaa la solo linafungua. La pili linalijibu kutoka chini yake, kwa mstari mwingine kabisa, lakini hayagongani. Rithimu inashika mapigo na haitetereki mpaka mwisho. Besi inaruka, inaacha nafasi, inarudi. Waimbaji wanasimulia kisa polepole, ubeti kwa ubeti, na saksofoni na tarumbeta zinaingia kati yao. Halafu wimbo unageuka, chemko linaanza, maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani, na watu wanainuka vitini. Hiyo ni kazi ya watu kumi au zaidi walioishi pamoja kimuziki kwa miaka. Marehemu Michael Enoch, aliyeitwa King, alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz kabla hajawa nguzo ya Mlimani Park, akipuliza saksofoni, akipanga muziki na kuwafunza wenzake. Waulize vijana leo, wachache sana watamtambua. Wanawajua waimbaji, kwa sababu tumewafundisha kumtazama aliyeshika kipaza sauti tu.

Na hapo ndipo imani hii inapoumiza zaidi. Tuzo zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja, wimbo mmoja, mwaka mmoja. Bendi ni watu wengi, nyimbo nyingi, miaka mingi. Kijana wa Mkalama mwenye kipaji cha vidole akiulizwa anataka kuwa nani, hatataka kuwa mpiga rithimu, kwa sababu hajawahi kumwona mpiga rithimu akipanda jukwaani kushukuru. Atatafuta mdundo wa bure kwenye simu, ataimba juu yake peke yake, na ataanza kuomba kura.

Kura zenyewe tunazijua. Mwenye wafuasi wengi mtandaoni, mwenye timu ya kupiga kampeni, mwenye nyimbo zinazozungushwa Dar es Salaam, huyo ana mtaji wa kura kabla hata majina hayajatangazwa. Bendi inayopiga harusi na mahafali mkoani, hata ikipiga kwa ufundi wa hali ya juu, haina njia ya kufika kwenye orodha. Hapa kwetu mkulima wa alizeti haulizi ua lilikuwa kubwa kiasi gani, anauliza gunia limetoa mafuta kiasi gani. Kwenye muziki tumekubali kupima ua.

Mafuta yenyewe unaweza kuyaona hapa Singida, stendi ya Misuna, jioni. Simama kwenye kibanda cha vijana wanaoweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Anakuja dereva wa lori la kwenda Rwanda, usiku mzima uko mbele yake, anahitaji muziki wa kumweka macho. Anasema, "Niwekee Msondo, niwekee Sikinde, Les Wanyika usisahau, na Marijani." Kijana anafungua kompyuta yenye vumbi, anaburuta folda. Ipo ya zilipendwa, ipo ya kwaya, ipo ya taarabu, ipo ya singeli. Sijawahi kuona folda ya washindi wa tuzo, wala kusikia mteja akiiulizia. Dereva analipa pesa yake ya jasho kununua wimbo uliopigwa kabla hajazaliwa. Nionyesheni jaji mwenye uzito kuliko huyo.

Najua hoja ya upande wa pili, na nina heshima nayo. Watasema msanii anahitaji kutambuliwa, na tuzo hufungua milango. Ni kweli, Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, na waliokuwa hawamjui wakamjua. Lakini kikongwe yule alikuwa ameshaimba kwa miongo mingi Zanzibar, kwenye unyago na kwenye harusi. Ukubwa wake ulikuwepo kabla ya tuzo, na ungebaki vile vile kama isingetolewa. Mtu akipewa tuzo, nampongeza kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni kumgeuza aliyekosa kuwa si kitu, na kuielekeza nguvu yote ya nchi kwenye usiku mmoja wa sherehe wakati bendi hazina hata nyaya za magitaa.

Angalia roki ya Afrika Mashariki ya leo. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu mwaka 2020 yenye muziki mkali kupita kawaida, na habari zake zikaandikwa, nayo ikasikilizwa, mbali sana. Tuzo gani ya kwetu ingewapa kipengele? Wangesubiri tuzo, wangesubiri mpaka leo.

Basi tuache kusubiri. Singida ina wapiga magitaa. Nenda Jumapili kwenye makanisa ya mjini, utawakuta vijana wanaopiga besi na solo kwa ustadi, waliofundishana wenyewe kwa gitaa moja la kupokezana. Fedha ambazo wafanyabiashara na halmashauri zetu huchangia kwenye usiku wa kukabidhi vikombe zinunue magitaa, drams na vikuza sauti, viwekwe kwenye shule na kumbi za jamii, na kila wilaya iwe na siku moja ya wiki ya bendi kupiga mbele ya watu. Baa na redio zilipe mirabaha kama sheria inavyotaka, ili mpiga ala ale kwa kazi yake. Na nyinyi watangazaji wa redio za mkoa wetu, nawaomba jambo ambalo halihitaji hata senti: acheni kuukata wimbo wa dansi kabla ya chemko. Upigeni mpaka mwisho, kisha tajeni mpiga solo, mpiga rithimu na mpiga besi kwa majina yao.