Risasi kifuani: picha ya hospitali nayo ivuke mpaka

MAPIGANO ya kuwania mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025 yalileta majeruhi wengi kuliko vitanda. Katika hospitali ya Ndosho, iliyokuwa ikisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wengine walilazwa sakafuni. Umeme na maji navyo vilikatika mjini.

Majeraha ya kifua ni kati ya yanayoua upesi. Risasi ikipenya, hewa na damu hujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Hewa ikizidi kubana, daktari hasubiri picha, huitoa papo hapo.

Kwa wengine, eksirei huonyesha risasi ilipo na mbavu zilizovunjika. Hata hivyo, mgonjwa akipigwa picha amelala chali, damu hutandaa nyuma ya pafu na kuonekana kama ukungu tu. Hapo mashine ndogo ya ultrasaundi, inayotumia betri, huiona mapema. CT skani huonyesha mengi zaidi, lakini hudai umeme wa uhakika, ambao vita huukata kwanza.

Walio wengi hawapasuliwi kifua. Mrija wa kutoa hewa na damu hutosha. Na risasi isiyoleta madhara mara nyingi huachwa humo humo.

Hapa ndipo suala hili linapomgusa anayerejea nyumbani na mfanyabiashara wa mpakani. Miezi ikipita, majeruhi anavuka Rubavu au Bunagana huku kifua kikimuuma. Eksirei mpya inaonyesha kovu kwenye utando wa pafu, lililoachwa na damu iliyoganda. Kovu la namna hiyo linaweza kufanana na la kifua kikuu. Pasipo picha ya zamani ya kulinganisha, mtu anaweza kuanzishiwa dawa za miezi sita za ugonjwa asio nao. Tena, akipelekwa kwenye kipimo cha MRI bila kusema, sumaku yake inaweza kusogeza kipande cha chuma kilichobaki mwilini.

Najua kwa nini wengi huziacha picha hizo. Kwenye vizuizi, mwenye alama ya risasi hudhaniwa mpiganaji, hata kama alipigwa akiwa sokoni. Hofu hiyo ina msingi, na simlaumu mtu.

Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa serikali za pande zote mbili. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda majeruhi, awe raia au askari aliyeumia. Basi maofisa wa mpakani waichukulie filamu ya eksirei kama cheti cha tiba, si ushahidi wa kosa. Nao waganga wa zahanati za mpakani waulize jeraha lilitibiwaje, wasiulize nani alifyatua.

Nawe msomaji, kama huwezi kubeba picha, usimfiche daktari kwamba una risasi mwilini.