Kikombe cha Eleusis
Mwaka 1978 watu watatu wa fani tofauti kabisa walitoa kitabu kimoja: Gordon Wasson, mwanabenki mstaafu aliyezama katika utafiti wa uyoga, Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi aliyetengeneza LSD, na Carl Ruck, mtaalamu wa Kigiriki cha kale. Walidai kuwa kykeon, kinywaji cha ibada ya siri ya mungu wa kike Demeter huko Eleusis, karibu na Athens, kilitiwa ergoti, ukungu unaoota kwenye masuke ya nafaka, ule ule uliomfikisha Hofmann kwenye LSD. Utenzi wa kale unataja maji, shayiri na mnanaa, basi. Aliyetoboa siri aliweza kuuawa, kwa hiyo waliokunywa walinyamaza. Nami naliogopa dai hili likiachwa kwa washabiki, maana mkate wenye ergoti uliwaozesha watu wa Ulaya vidole na miguu. Mabaki ya ergoti yaliyopatikana Mas Castellar de Pontós, Hispania, kwenye chombo kidogo na kwenye meno ya binadamu, yananisisimua kweli. Ila Hispania ni mbali na Eleusis. Vyombo vya Eleusis kwenyewe vikwanguliwe, vipimwe, na wanaakiolojia, wakemia na wasomi wa lugha wayasome majibu wakiwa meza moja.